Waya wa Rangi ya Chungwa

Gereji, Bungoma
Tarehe 9 Juni

Kaka yangu mpendwa Mukhisa,

Pokea salamu zetu sote kutoka hapa nyumbani, nawe utusalimie shemeji pamoja na wajukuu. Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Goti la shemeji yako Wilkista limetulia tangu alipobadilishiwa dawa, na mahindi yametufika kiunoni. Je, huko Kitale mvua inaendelea? Kile kifua chako kimepona? Barua hii anakuletea Wilkista mwenyewe. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua, ningeikata kabla sijafika pale ninapotaka kufika.

Kwanza hongera kwa gari lako la stima. Siku ulipoingia nalo kwenye mazishi kule Bumula, nusu ya watu waligeuza shingo kutazama gari linalokuja bila sauti. Hilo lenyewe ulitunze akilini. Ng'ombe na watoto wa shule hawalisikii, kwa hiyo ukipita Misikhu siku ya soko, enda polepole na upige honi mapema, kwa adabu.

Uliniambia kwamba gari linakudanganya, kwa sababu ulifika Bumula chaji ikiwa tele, lakini wakati wa kurudi nusura likuache Kamukuywa. Halikudanganyi. Kitale iko juu, sisi tuko chini. Unaposhuka kuja kwetu, kila ukiinua mguu gari linajirudishia chaji kidogo, na unapopanda kurudi linaila kwa haraka. Basi usipime safari ya kurudi kwa ile ya kuja. Ukifika hapa, chomeka gari kwanza, ndipo tusalimiane.

Nyumbani usilijaze mpaka mia kila siku. Themanini inatosha shughuli za mjini, na mia iwe ya siku ya safari. Pia usiliache likae siku nyingi likiwa karibu na sifuri. Usingoje mpaka chaji iishe ndipo utafute stima, maana stima yetu unaijua inavyopotea. Na ule waya mrefu ulioupitisha dirishani kutoka sebuleni, kaka, uutoe leo. Shika plagi yake baada ya saa moja uone ilivyo moto. Mwite fundi mwenye leseni akuwekee soketi ya gari peke yake, yenye waya mnene na waya wa ardhini. Vijana wa kuosha magari nao wakatazwe kupuliza maji chini ya boneti.

Sasa najua utasema kwamba Eliakim amejifunza mambo. Sikujifunza popote. Kila neno hapo juu ni la binti yangu Nabwile. Ulinitumia ujumbe kwamba hutaki msichana huyo aguse gari lako, na kwamba mashauri utayapokea kwangu tu. Nilikaa na ujumbe huo wiki tatu. Ungemwona akifanya kazi, kaka. Hakimbilii spana kama mimi. Huzunguka gari, husikiliza mwenyewe anavyolieleza, hupima, huandika, halafu ndipo anafungua. Nimekuwa fundi miaka thelathini na mmoja, na sijaona mkono uliotulia kama ule.

Habari uliyoisikia ni ile ya mwezi wa tatu, ya gari la bwana Gathii, yule mwuza viazi wa hapo kwenu, nalo ni la stima kama lako. Lilikataa kuwaka likiwa hapa uwanjani, alipokuja kujaza upepo. Nabwile alikuwa Webuye kununua vipuri. Gathii akasema atamngoja. Neno hilo lilinichoma. Hakuna mtu aliyewahi kumngoja fundi mwingine nikiwa nimesimama hapo. Nikamwambia akanywe chai ng'ambo ya barabara, akirudi atalikuta tayari.

Binti yangu alikuwa amenikanya mara nyingi kwamba waya wa rangi ya chungwa haushikwi na mtu asiye na glavu za kuzuia stima, na asiyekata kwanza stima ya betri kubwa. Nilifungua kifuniko nikiwa na mikono mitupu. Nilikuwa nimeinama na spana ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya Nabwile, kumbe amerudi, "Baba, toa mkono." Kabla sijageuka alishanishika ovaroli mgongoni na kunivuta nikaanguka. Spana ilinitoka, ikagusa mahali pawili kwa pamoja. Ulikuwa mlio kama wa bunduki. Ncha ya chuma iliyeyuka kama mshumaa.

Gathii alikuja mbio akauliza ni nani amefanya hivyo. Nikiwa bado chini, nikajibu, "Ni huyu msichana. Bado anajifunza."

Hiyo ndiyo kweli, Mukhisa. Nabwile alinitazama mara moja, akaokota spana kwa kitambaa. Kwa siku mbili alitengeneza nilichounguza. Kumbe shida ya mwanzo ilikuwa ile betri ndogo tu, ya kawaida, aina ninayouza kila siku. Tangu hapo watu hawamletei magari. Mimi niko hai kwa sababu yake, na jina lake nimelichafua kwa mdomo wangu.

Wiki iliyopita nilipanda Kitale, nikamwambia Gathii yote mbele ya wafanyakazi wake. Aliomba namba ya simu ya Nabwile. Nilikuwa karibu na mlango wako siku hiyo, nikaogopa kuingia. Unisamehe.

Nabwile amepata barua ya kazi kutoka Nairobi. Bado hajaijibu. Simwombi abaki, sina mdomo wa kuomba hivyo. Nilipomweleza kwamba nakuandikia, alisema nianze na mambo ya chaji, mengine niyaweke mwisho, kwa sababu Baba Mkubwa hawezi kuacha kusoma habari za gari lake.

Wilkista akirudi, mpe jibu lako, hata kama ni kali. Jumamosi Nabwile atakuwa kazini. Ukileta gari, usiniite mimi. Uliza fundi yuko wapi, wataelewa ni nani unayemtaka.

Bwana awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Eliakim