Maziwa Hayafiki Kifuani

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na ng'ombe wanapata majani. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ningekohoa, nawe ungelia kabla sijasema neno. Mdogo wangu Jumanne akusomee polepole.

Selemani, yule Mnyamwezi niliyekuwa nalala naye chumba kimoja Msimbazi, tumemzika Ijumaa. Miaka minne tumekata pamoja mawe ya sakafu kwenye ghorofa linalojengwa hapa. Vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo. Ukimwagia maji wakati wa kukata, halipandi. Lakini huku maduka ya chini hufunguliwa wakati juu bado tunajenga, na tope likidondokea vitenge vya watu ni ugomvi. Basi tukakata bila maji, na kila jioni msimamizi anatugawia pakiti ya maziwa ya kusafisha kifua.

Selemani aliwahi kumwambia, "Bosi, tupatie barakoa za maana."

"We bibi harusi, unaficha sura? Kunywa maziwa."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka sana, nikampa na pakiti yangu. Nikamwambia, "Kunywa, ndugu yangu. Sisi Singida tumekulia maziwa, umeona nakohoa?"

Mwezi uliopita akashindwa kupanda ngazi. Nikampeleka hospitali. Daktari aliniuliza tunajikinga na nini, nikamtajia maziwa. Akasema, "Kaka, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu, na halitoki."

Nami nimepigwa picha ya kifua, mama. Vumbi ninalo, ila bado si jingi kama la Selemani. Jumatatu nilikataa kuwasha mashine bila maji, nikaambiwa nisirudi. Nilipokuwa natoka msimamizi akaniuliza, "Yule mdogo wako bado anakuja?"

Jumanne, ni wewe unayesoma, usiruke hapa. Nafasi niliyokuahidi ilikuwa ya Selemani. Usije. Hata akikupigia mwenyewe, usije.

Mama, nisalimie shangazi anayekuchotea maji, mjomba wa msikitini, na shemeji aliyejifungua. Samli uliyoniwekea wape watoto wake.

Mwanao,
Musa

Mama, mwambie Jumanne arudie kusoma pale nilipomwambia asije. Isikilize sauti yake, utajua kama amekubali.