Alhamdu Moja Juu ya Injini: Kwa Baba Yetu Mshamu

Mwaka umetimia, Baba, tangu Ijumaa ile ulipoweka spana chini ukasema unajinyoosha kidogo tu, na hukuinuka tena. Kibanda chako cha ufundi hapa Mtawanya hatukukifunga. Wenye zile pikipiki za zamani, za kuchanganya petroli na oili, bado wanakuja kutoka Umwe na hata kutoka vijiji vya delta ya mto, wanakuulizia. Tukiwaambia, wanakaa chini kwanza.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa nati. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, uliisugua kwa msasa juu ya kipande cha kioo mpaka ikalala sawa. Gasketi ya shaba ya kuziba chini yake uliichoma kwenye jiko la Mama mpaka ikawa nyekundu, ukaitia majini ilainike, na Mama akanuna kwa sababu sufuria lake la wali lilikuwa limeshushwa kuipisha gasketi yako.

Ukishafunga, uliiwasha injini ipate moto, ukaizima, ukangoja ipoe ndipo ukaze nati mara ya pili, maana moto wa kwanza huzilegeza. Kipimo chako kilikuwa kimoja: weka kiganja juu ya hedi, soma Alhamdu. Ukifika mwisho bila kuondoa mkono, kaza. Ukishindwa, ngoja, uanze tena. Wateja wenye haraka ulikuwa unawaacha wasonye.

Lipo la kukueleza, Baba.

Ilikuwa masika yaliyopita, miezi sita tangu utuache. Mkweo Maimuna, mke wa mwanao Badru, alishikwa na uchungu adhuhuri, wiki tatu kabla ya siku zake. Badru alikuwa delta, simu haipatikani. Magari hayakuwa yanapita kwa matope, na bodaboda wawili walimtazama Maimuna lile tumbo wakakataa. Ikabaki pikipiki yako, nayo hedi yake ilikuwa mezani, vilevile ulivyoiacha.

Mwanao Rukaya alizoea kukutazama ukifunga. Kufunga peke yake hakuwahi hata siku moja. Akaitungua msumarini gasketi ya mwisho uliyoikata mwenyewe, akafunga. Ilipowaka, sote tukamwambia nenda, nenda. Mara ya pili hakukaza. Kosa hilo tunalibeba sisi.

Hawajafika nusu ya njia ya hospitali ya Mchukwi, kwenye mikorosho, injini ikaanza kupumua pembeni, penye gasketi. Nguvu ikaisha, oili ikachuruzika. Rukaya akasimama. Alijua akiendelea gasketi itaungua, na nyingine hakuna. Alijua pia akikaza injini ikiwa ya moto nyuzi za nati zitakatika, na hapo ndipo watakapobaki. Maimuna, ameegemea mkorosho, alikuwa anamsihi waende hivyohivyo, au waimwagie maji ya chupa. Rukaya akamkatalia, hedi ingepinda.

Akaweka kiganja. Aya ya tatu tu, akakiondoa. Akangoja, akaweka tena, akafika katikati. Ndipo Maimuna akapiga ukelele, akasema anamsikia mtoto anashuka. Basi mara iliyofuata Rukaya hakuondoa mkono. Uliungua akauacha palepale, akasoma mbiombio mpaka amina, machozi yanamtoka, akashika spana.

Maimuna alikuwa ameona. Na huyu ndiye aliyekuwa anaomba waende, Baba. Akamshika ule mkono ulioungua.

"Wifi, hapo umevumilia tu, haijapoa," akamwambia. "Weka mkono mwingine. Anza tena."

Rukaya akaanza tena. Walikaa pale hatujui muda gani, barabara haina mtu, mmoja na uchungu wake, mwingine na mkono wake. Anasema hajawahi kuogopa vile, hata siku ya msiba wako. Mwisho wakaisoma wote wawili, taratibu, mpaka ikaisha, na mkono ukakaa. Akakaza nati zote nne, moja kisha inayoitazama, kidogo kidogo.

Mjukuu wako Faraji alizaliwa mlangoni mwa hospitali, kitanda hawakukiwahi. Ana miezi sita sasa na masikio yako yote mawili.

Rukaya ndiye fundi wa kibanda siku hizi. Alama ipo kiganjani. Kila akiwasha injini ya mtu bado anaogopa, nasi tunaogopa naye, tukiwa tumejibanza jikoni. Wateja wenye haraka wanasonya. Anawaacha.

Hitima yako tutaisoma hapa nyumbani Ijumaa hii, baada ya swala. Unakumbukwa na mkeo Mwanaamina, ambaye jiko lake bado linachoma gasketi, wanao Badru na Rukaya, mkweo Maimuna, na mjukuu wako Faraji.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu, Baba. Na Alhamdu yako tutaisoma taratibu, mpaka mwisho.