Tembo Kwenye Pindo la Kitenge

Jumatatu, 2 Machi
Nimepalilia maharage mpaka saa nne, kisha nikafua. Kwenye pindo la kitenge cha Bibi kuna kitu kigumu, kimeshonewa ndani. Nikafumua. Sarafu ya fedha, nzito, nyeusi kwa uchafu. Nilipoisugua kwa majivu akatokea tembo. Bibi alisema ni ya mama yake, niirudishe na nishone. Alikasirika. Yeye hakasiriki ovyo.

Jumatano, 4 Machi
Sijaishona. Maandishi yake si Kiingereza. Mwaka 1944. Tangu nimalize kidato cha nne sijajifunza kitu kipya, ni jembe tu. Nataka kujua.

Ijumaa, 6 Machi
Nimeipeleka kwa Mwalimu Fidelis, aliyenifundisha historia. Miaka minne sikuwahi kunyoosha mkono darasani kwake. Leo pia sauti iligoma, swali nikampa limeandikwa kwenye karatasi. Akaigeuza sarafu. "Faranga hamsini. Kongo ya Wabelgiji. Ilitumika pia ng'ambo ya mpaka wetu, Rwanda na Burundi." Akauliza nimeitoa wapi. Nikamweleza yote, mpaka pindo, mpaka mama yake Bibi. Akaipiga picha kwa simu.
"Swali zuri sana, binti."
Nimerudi nikitabasamu njia nzima.

Jumapili, 8 Machi
Nimeishona. Bibi hajui kitu.
Alhamisi kamati ya kijiji inapitia fomu za vitambulisho vya taifa, yangu na ya Bibi. Bila kitambulisho, chuo cha uuguzi nisahau. Mama alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo mzazi niliyemwandika ni Bibi. Naye ameandika kwamba kazaliwa hapahapa Nyakisasa.
Katibu wa kamati ni Mwalimu Fidelis. Nililijua hilo. Sikulifikiria.

Alhamisi, 12 Machi
Walimuuliza Bibi alizaliwa wapi. Akasema hapahapa. Mwalimu akampa mwenyekiti simu yenye picha.
"Na huyu tembo, bibi, naye kazaliwa hapahapa? Au aliingia bila viza?"
Watu walicheka. Mama Jovina, jirani yetu anayeomba chumvi kila wiki, alicheka kuliko wote. Bibi hakuitazama simu. Alinitazama mimi.
Pesa hutembea. Wachuuzi wa kahawa walikuwa wakivuka nazo, Mwalimu mwenyewe alitufundisha. Jibu nilikuwa nalo. Mdomo haukufunguka. Wakaniuliza kama ni kweli sarafu imeshonewa kwenye nguo ya Bibi. Hapo ukafunguka. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 13 Machi
Bibi amesema jambo moja tu, akichambua mboga. Alivuka akiwa na miaka mitano, mgongoni kwa mama yake. Basi. Hakuinua macho.
Watoto wanamwita Bibi Tembo. Leo wamemfuata mpaka kisimani wakimwigizia mkonga.

Jumatatu, 16 Machi
Mwenyekiti aliniita. Fomu ya Bibi inapelekwa wilayani, watakuja kumhoji. Yangu inaweza kupita kwa upande wa baba. Baba yuko Nemba, nimemwona mara tatu maishani. Sharti ni moja: niandike kwamba nimelelewa kwake, na kwamba yule mama mzee ni jirani tu.
"Chagua, binti. Yeye ameshaishi."
Mwalimu ndiye aliyenipa kalamu. Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri, kama wa mtihani. Jirani.
Najichukia.

Jumatano, 25 Machi
Nemba. Mke wa baba amenionyesha pa kulala, kwenye magunia ya mahindi. Nilipoondoka Bibi alikuwa shambani. Nilimwita mara mbili. Aliendelea kulima.

Jumamosi, 18 Aprili
Namba yangu ya kitambulisho imetoka. Nilikwenda Nyakisasa kumwona Bibi. Mvua ilikuwa imekatika. Mama Jovina ameshang'oa mimea ya mpaka na kuipanda hatua sita ndani ya migomba yetu. Ya Bibi, nilitaka kuandika. Wa wilayani hawajaja bado. Nguo zake zimefungwa kwenye shuka moja, ziko mlangoni.
Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, vizuri tu. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha wageni, akakipangusa kwa kanga yake, akaniwekea uani.
Nikakaa.