Gunia la Pareto Uliloliombea

Baba Rosa,

Salamu sina. Hii barua anaandika Rosa mwenyewe, maana mimi kalamu naijua tu ikiwa nyuma ya sikio la karani. Lakini maua ya pareto nilikuwa nachuma kuliko wanaume wawili na nyapara wao, na hiyo hata wewe hukubisha. Sasa nisikilize, leo huwezi kunikatiza na wimbo.

Ile asubuhi ya baridi huko Molo, kwa shamba ya mzungu, Rosa alikuwa na miaka mitatu. Ameamka akicheka. Kabla uji iive, degedege imemshika, macho yamegeuka, mwili moto kama sufuria. Nikakuambia, "Baba Rosa, tumpeleke kwa dresa, kule zahanati." Wewe ukafunga kilemba yako pole pole kama mtu anaenda harusi. "Dawa ni ya watu hawana Mungu," ukasema, ukaenda kuita wazee wawili wa kanisa yenu.

Sheria yenu niliijua. Mkianza kuombea mgonjwa, mikono juu, macho mmefunga, na mwenye kufungua kabla Roho aseme, amemfukuza. Niliangalia hayo macho sita yamefungwa. Nikachukua kagunia ka pareto kavu kalikokuwa pembeni, nikakafunga na blanketi ya mtoto, nikakalaza kitandani. Rosa nikambeba mgongoni. Mlango ikalia kama mbuzi, na hakuna mtu alifungua jicho.

Kwa geti nyapara akanisimamisha. "Mama, unaenda wapi na kazi haijaisha?"

"Naenda kuzaa."

"Na huyo mgongoni?"

"Huyu ananionyesha njia."

Alicheka mpaka akasahau kufunga geti. Nikakimbia maili sita kwa matope. Kuna watu watakuambia ni nne, lakini hao hawakubeba mtoto anatetemeka. Na niliomba, usifikiri Mungu ni wako peke yako. Nilisema, "Mungu, huyu mtu wangu anakushika huko nyumbani na kelele. Wewe toroka, ukuje huku."

Dresa akamdunga sindano ya paja. Akasema, "Mngengoja jioni, mngechimba kaburi."

Nilirudi jua likianza kushuka, mtoto amelala, jasho baridi. Mlikuwa bado mnaomba, sauti zimekauka. Nikatoa gunia, nikaweka Rosa, nikakohoa. Mzee mmoja akasema, "Roho amesema." Ukafungua macho, ukamgusa, ukalia.

Halafu ukashuhudia. Kila Jumapili, mpaka nywele ikawa nyeupe: "Dawa haikugusa mtoto wangu." Na mimi nimekaa hapo kwa benchi, mdomo wangu huu mkubwa umefungwa. Mama mmoja alikusikia akamweka mtoto wake mgonjwa nyumbani. Huyo hakuamka. Hiyo sijakusamehe. Na mimi, nilinyamaza, sijajisamehe.

Siku unakufa ukanishika mkono. "Mama Rosa, ile blanketi ililia kama majani makavu."

Kumbe ulijua. Ukaniambia, adhuhuri, ulipoweka mkono juu ya mgonjwa, ulisikia pareto. Mzee mmoja alipotaka kuweka mkono wake, ukapaza sauti, "Roho amenichagua mimi peke yangu." Ukaendelea kuombea gunia mpaka koo ikapasuka, ili mimi nifike. Ulifikiri nitakushukuru. Nilikosa neno, mimi, ambaye hata nyapara alikuwa ananiogopa.

Sasa nimelipata. Kama ulijua, kwa nini hukusimama ukanifuata? Mtoto alikuwa mzito, Baba Rosa. Maili sita, na mgongo yako ilikuwa pana kuliko yangu. Na kama ulijua, ile Jumapili yule mama amekaa mbele yako, ulikuwa unamwambia nini?

Rosa anaandika na mkono mmoja, ule mwingine umeshika paja yake, pale pa sindano. Anasema nikuage vizuri, wewe ni baba yake. Haya, lala. Siku nikifika huko usinipokee na wimbo. Simama, unipokee mzigo.

Ni mimi, mama ya mtoto wako.