Nyuma ya Kadi ya Ubatizo

Jumatatu, tarehe 4
Misa, chai, ofisi ya parokia. Fomu ya kuomba nafasi ya kusomea ukunga iko kwenye tovuti yetu, lakini ni ya kujaza majina tu. Kadi ya ubatizo, ya kuthibitisha jina na umri, mtu ailete mwenyewe hapa Arua. Mama Viola amepiga simu kutoka Ludara. Viola anaomba nafasi, lakini amejifungua juzi, hawezi kupanda gari. Ijumaa tunafunga kupokea fomu, na mwaka kesho umri wake umepita. Roho imeniuma.

Jumanne, tarehe 5
Nimemwomba mwenyekiti wa parokia niongeze kwenye fomu sehemu ya kupakia faili. Mtu apige picha kadi kwa simu, atume. Akacheka. "Mama Sara, wewe karani ama fundi wa kompyuta?" Lakini amekubali. Ikishindikana, ni kuleta kwa mkono, basi. Sasa naogopa.

Jumatano, tarehe 6
Sehemu nimeiweka. Ikakataa kila picha! Niliiachia PDF peke yake, na nani Ludara ana PDF? Nikaruhusu picha. Nikajaribu na kadi yangu. Ikaingia. Nilipiga kigelegele mpaka askari wa geti akaja mbio.

Alhamisi, tarehe 7
Aibu. Picha zimekuja kutoka Koboko, Inde, Ludara, na zote ni njiwa. Kila mtu amepiga mbele ya kadi, penye njiwa na maji, maana ndiyo upande mzuri. Jina na tarehe ya kuzaliwa viko nyuma. Viola naye, njiwa. Mwenyekiti: "Roho Mtakatifu tumempokea. Waombaji wako wapi?" Ananipa mpaka kesho jioni.
Nimeongeza sehemu ya pili: NYUMA YA KADI, PENYE JINA. Bila hiyo fomu haiendi. Kisha simu kwa kila mmoja, mpaka sauti imekauka.

Ijumaa, tarehe 8
Zinaingia! Ya Viola bado. Mtandao wa kwao mbaya, mama yake amebeba simu na kadi mpaka sokoni. Nimeshika rozari chini ya meza. Saa kumi ikatua: jina, tarehe, sahihi ya padri, na kidole gumba cha Mama Viola pembeni. Nimecheza ofisini, mtu mzima mimi! Mwenyekiti ameangalia, akasema mwaka kesho hakuna kuleta kwa mkono. Bwana ameshinda. Na mimi kidogo.

Jumapili, tarehe 10
Mvua hapa nyumbani Awindiri. Miguu kwenye maji moto. Viola ametuma picha ya mtoto, amelala, ngumi shavuni. Nimeitazama sana. Nimemwandikia: mmemwita nani? Nijibu upesi, mwanangu.