Mkate Mweupe wa Siku ya Posa

Mke mwenzangu Mwanaisha,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mapinga tu wazima. Babu yako goti linamsumbua, lakini msikitini hakosi.

Unauliza kwa nini makaroni yako ya jibini, kwenye hicho chungu cha umeme kinachopika polepole, yanatota juu wala hayapati rangi, na wakwe zako watarajiwa wanakuja kula Jumamosi. Chungu chako hakina moto juu, mwanangu. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi kuwa maji.

Siku waliyokuja kuniposa, mvua ililowesha makaa yote. Mkate wa kumimina ulikuwa jikoni, kuni zinawaka chini, na juu ya mfuniko hatuna cha kupalia. Mama akatandika kitambaa safi chini ya mfuniko, akafunika. Kitambaa kikanywa mvuke wote. Mkate ukaiva, ila mweupe kama ulivyomiminwa.

Shangazi wa babu yako akautazama. "Mbona haukupata rangi?"

"Makaa yamelowa, dada. Karibu," mama akajibu, akamkatia kipande.

Shangazi akala, kisha akasogeza tena sahani yake akatiwe kingine.

Basi tandika kitambaa, usifunuefunue, na yakitoka meupe yapakue hivyo hivyo, uso mkavu. Mimi nimeolewa kwa mkate mweupe, na mpaka leo babu yako akiletewa uliopata rangi, anauliza nani kauunguza.

Akuombeaye kheri,
Bibi yako