Kabari za Daraja la Bibi

Shamba la Kvernhaugen,
Kvernadal ya Juu,
Norwei.
6 Mei

Mpendwa Mjomba Torgrim,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Chile, wewe na samaki unaowafuga, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama amepona mafua. Bibi anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi, na theluji imebaki vileleni tu.

Najua Mama alikuandikia wakati wa baridi kuhusu daraja la Bibi. Ufa ulionekana kwenye boriti, juu ya nguzo ya katikati, na mhandisi wa halmashauri akasema ukizidi kukua atalifunga kabla mto haujajaa. Bila daraja, Bibi hawezi kuishi peke yake ng'ambo. Mama alikuwa ameshamtafutia chumba katika nyumba ya wazee mjini. Bibi alikataa hata kwenda kukitazama, na Mama akawa analia akiosha vyombo.

Mimi kilichonishangaza ni mahali pa ule ufa. Ulikuwa upande wa juu wa boriti. Sisi tunakanyaga juu na uzito unashuka chini, kwa hiyo nilidhani mti ungepasuka chini. Nilimwuliza Mwalimu Ragnfrid, anayetufundisha hesabu na fizikia. Aliniambia nilete ubao mrefu na mizani tatu za jikoni.

Tuliulaza ubao juu ya mizani, moja kila mwisho na moja katikati, kama daraja lenyewe, tukapanga pakiti za unga sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Nilibashiri kwamba katikati pangebeba nusu, na kila mwisho robo. Mjomba, haikuwa hivyo! Ukiugawa mzigo wote mafungu kumi na sita, katikati pamebeba karibu kumi, na kila mwisho matatu tu. Kisha Mwalimu akachomeka kadi chache chini ya mizani ya katikati. Uzito kwenye mizani za miishoni ukapungua mbele ya macho yangu, na unga ni ule ule! Hakuna aliyeugusa. Nilihisi kama nimechungulia ndani ya kitu ambacho watu hukipita kila siku bila kukiona.

Hesabu yake ni nzuri kuliko mizani. Unaiondoa nguzo ya katikati, kwa mawazo tu, unatafuta boriti ingelegea kiasi gani. Halafu unauliza: ni nguvu gani ya kusukuma juu ingeirudisha pale ilipokuwa? Jibu ndilo mzigo ambao nguzo ilikuwa inabeba siku zote kimyakimya. Nilimweleza Bibi jambo hili akiwa anafuma soksi. Hakuinua macho. Akasema, "Hilo nalijua tangu Torgrim aondoke."

Basi nikakumbuka kabari. Unaijua desturi yetu: barafu ya ardhini ikiyeyuka tunakutana kwa kazi ya ujima, na kila nyumba inagongelea kabari yake chini ya boriti, juu ya nguzo ya katikati, asije mtu akasema nyumba fulani haikusaidia. Labda hujui kwamba tangu uondoke, Bibi amekuwa akigongelea moja kwa niaba yako pia. Tumeinua katikati mwaka baada ya mwaka, kwa upendo. Boriti imekaa kama kamba iliyoanikwa kwenye mti mmoja: miisho inavuta chini, na juu ya nguzo boriti inanyooshwa mpaka inapasuka. Nguvu hiyo ya kupinda inaitwa momenti, na hapo ndipo ilipokuwa kubwa kuliko kote.

Siku ya ujima nilisimama nikasema tusigongelee kabari, tuzitoe. Jirani yetu Oddvar alikuwa ameshashika nyundo.

"Tuzitoe? We mtoto, umewahi kuona mtu ameanguka kwa kushikiliwa sana?"

"Mimi nimemwona," Bibi akasema. "Ni wewe, Oddvar. Mama yako alikufunga kamba za viatu mpaka siku ya kipaimara."

Watu walicheka, hata Oddvar. Nikamwomba apitishe kisu chake chini ya mwisho wa boriti, upande wa Bibi, pale panapogonga "ko!" kila ukikanyaga. Tulizoea kusema daraja linabisha hodi. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini. Boriti haikuwa imelala hata kidogo juu ya jiwe la ukingoni, ilikuwa inaelea. Oddvar alikitoa, akakitazama, akakipitisha tena. Akaweka nyundo chini, akasema, "Haya, fundi. Tuanze na ipi?"

Tulimwita mhandisi wa halmashauri, akaja na jeki yenye saa ya kupimia uzito. Tuliinua kidogo, tukatoa kabari, tukashusha, tukapima miisho, tukarudia. Kila kabari ilipotoka, miisho ilizidi kuwa mizito, hadi kisu hakikupita tena na saa ikakaribia mafungu yangu matatu. Na ule ufa, Mjomba, ulijifumba polepole kama jicho linalosinzia. Mhandisi ataufunga kwa bamba la chuma. Daraja halifungwi! Aliniuliza niko darasa la ngapi, nikamwambia, naye akasema, "Tutakungoja." Sijamwambia mtu mwingine hilo, ila wewe.

Tulikula vile vikate vya umbo la moyo kwa jamu na jibini ya kahawia. Kisha Bibi akavuka peke yake, taratibu. Alipofika upande wake alisimama kusikiliza. Daraja halikubisha hodi.

Kila nyumba ilichukua kabari zake. Ndani ya kifurushi hiki nimekuwekea moja ya zako. Nilipomwambia Bibi kwamba naituma, alisema, "Mwambie airudishe mwenyewe. Nitaichomea jikoni nimchemshie kahawa."

Mama, Baba na kaka Halvor wanakusalimu sana. Oddvar naye anakusalimu, na anasema viatu vyake sasa havina kamba. Mungu akulinde baharini na akuonyeshe njia ya kurudi.

Ni mimi mpwa wako akupendaye daima,
Aslaug